Dada wa kazi kakutwa na TB, mume anataka arudishwe kwao, mimi nimebaki katikati

BARUA

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitokee maana mawifi zangu wanasoma sana huku.

Mimi ni mama wa miaka 33, tunaishi Dar, tumepanga nyumba ya vyumba vitatu huku Kimara. Nina watoto wawili, wa kwanza ana miaka minne na mdogo ana miezi tisa bado ananyonya. Nauza vitenge Kariakoo, natoka nyumbani kabla hakujakucha narudi saa mbili usiku, kwa hiyo anayenilelea watoto ni dada, nitamwita Neema. Ana miaka 20, ametokea Singida, huu ni mwaka wa pili yuko na mimi. Anti huyu binti sina cha kumsema, mtoto wangu mdogo alianza kukaa mikononi mwake, mkubwa anamwita mama Neema.

Kikohozi kilimuanza kama miezi miwili na nusu iliyopita. Nikampeleka zahanati ya jirani, wakachukua makohozi wakaangalia kwenye darubini wakasema hamna kitu, wakampa antibayotiki za wiki moja. Kikapungua kikarudi, akaanza kulowa jasho usiku, chakula hataki, sketi zote zinamvuka. Nilijua ni baridi ya kudeki asubuhi asubuhi nikawa namchemshia tangawizi. Mwisho nikampeleka kituo cha afya kikubwa, makohozi wakapima kwa ile mashine yao ya kisasa, jibu likarudi ni TB. Dawa kapewa bure, leo ana siku ya tisa anameza.

Mume wangu siku aliyosikia hakulala. Anasema TB ndo UKIMWI huohuo tu wamebadilisha jina, nimpe nauli na laki mbili Jumamosi apande basi. Nikimwambia tusubiri ananiuliza nampenda nani zaidi, mtoto wa watu au watoto wangu wa kuwazaa. Nilimpigia mama yake Neema akalia mpaka simu ikakatika, anasema akirudi vile alivyokonda kijiji kizima kitasema karudi na ugonjwa wa mjini, afu hospitali kwao ni mbali mpaka upande bodaboda.

Mimi kwa sasa nimefanya ninachoweza. Nimemtengea sahani, kikombe na kijiko chake, nguo zake zinafuliwa beseni lake. Zamani alikuwa analala chumba cha watoto, sasa nimemhamishia stoo, haina dirisha ila nimetoa vitu vyote nikaweka godoro, nikamwambia mlango ukae umefungwa ili watoto wasimfate. Mkubwa anakaa mlangoni anagonga anamwita, na mimi niko jikoni nalia. Duka nimemwachia mdogo wangu.

Nesi aliniuliza nyumbani tuko wangapi ukimtoa mgonjwa, nikasema wanne, akaniambia watoto wote wawili niwapeleke wakaangaliwe. Sijawapeleka. Baba yao hataki, anasema walichanjwa wakizaliwa na kovu lipo begani, kuwapeleka kule ni kuwapeleka walipo wagonjwa wenyewe.

Na baba mkwe naye yupo, huu mwezi wa tano tangu aje kutoka Arusha. Mzee ana pumu zake za siku nyingi toka alivyokuwa anachimba Mererani, anakohoa usiku mpaka unamhurumia, dawa ananunua mwenyewe za maji pale duka la dawa. Aliwahi kupimwa kifua mwaka juzi akaambiwa hana kitu. Yeye hatujamwambia kuhusu Neema tunaogopa presha yake, basi anashangaa binti kafungiwa nini, anabeba kigoda anaenda kukaa pale mlango wa stoo wanapiga stori, na mchana mdogo huwa analala kifuani kwa babu yake. Naogopa sana mzee asije akaambukizwa na umri ule.

Juzi ndo nikachoka kabisa. Neema kaniita chooni kunionyesha mkojo, mwekundu kama juisi ya rozela, analia anasema dawa zimemharibu figo na yeye hamezi tena. Nikamwambia subiri kwanza. Sijui kama jana kameza.

Anti nikimrudisha naona namtupa mtoto wa mwenzangu aliyenilelea wangu. Nikibaki naye halafu mwanangu akaumwa sitajisamehe maisha yangu. Jumamosi ni keshokutwa tu. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale mtoto anagonga mlango wa stoo inabidi niiweke chini kwanza. Unatakiwa uchague kati ya watu wawili unaowapenda, na umepewa siku tatu za kuchagua. Mimi sitakuchagulia, nyumba ni yako na mume ni wako, ila naomba tuyapange upya haya mambo maana naona mengine yameshikana wakati si ya kushikana.

Kwanza la leoleo, kabla hujamaliza kusoma. Ule mkojo ni rangi ya dawa. Kwenye vile vidonge kuna dawa inaitwa rifampisini, yenyewe ina rangi nyekundu na inapakaa kila kinachotoka mwilini, mkojo, jasho, hata machozi yanaweza kuwa na rangi ya chungwa. Figo zake hazijafa. Walitakiwa wamwambie siku ile ya kwanza, labda walimwambia akiwa hasikii, mtu ukishaambiwa una TB maneno mengine yanapita juu. Nenda kamwambie sasa hivi, na umuulize kwa upole kama jana alimeza, kama hakumeza leo ameze halafu mwambieni nesi. Cha kumkimbiza hospitali ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, macho kuona ukungu, au miguu kufa ganzi na kuwaka moto. Hata hayo yakitokea anayeamua dawa isimame ni wao kule kliniki, asiache mwenyewe chumbani.

Sasa stoo. Najua uliifanya kwa kuwalinda watoto na mama yeyote angefikiria hivyohivyo, ila TB haikai kwenye sahani mwanangu. Haiambukizi kwa kikombe wala kijiko wala beseni wala kushikana mkono. Inakaa kwenye hewa, mgonjwa akikohoa, akiongea, akiimba, wadudu wanatoka wanaelea, na chumba kisichopitisha hewa wanaelea humo masaa. Kwa hiyo vyombo umevitenga bure na hewa umeifungia ndani. Kila mlango wa stoo ukifunguliwa kumpelekea uji hewa ile inatoka kwa pamoja, na mzee kigoda chake kipo hapohapo. Kama inawezekana chukua watoto walale chumbani kwenu hizi wiki chache, Neema arudi kile chumba cha watoto chenye dirisha na dirisha likae wazi, mchana akae nje barazani kwenye jua na upepo, akiwa karibu na watu avae barakoa. Hapo umewalinda watoto kuliko stoo ilivyowalinda, na mkubwa atamuona dada yake kwa mbali nje badala ya kugonga mlango.

Nikuambie kitu ambacho huwa sikisemi. Kaka yangu aliugua TB mimi nikiwa msichana na nyumbani tulimtengea kikombe cha bati, cha buluu. Alipona. Mama alikitupa kile kikombe yeye akakiokota akakitunza, na mpaka leo akija kwangu hanywi chai kwenye kikombe changu, anasema kashakunywa.

Nije kwenye hofu yako kubwa, watoto. Hapa ndo naomba mimi na baba yao tuelewane. Ile chanjo ya BCG ni nzuri na ashukuriwe aliyewapeleka, inasaidia sana mtoto mdogo asipate TB ile mbaya ya ubongo na ya kusambaa mwilini. Lakini haizuii kila kitu, mtoto aliyechanjwa anaweza kupata TB. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unawafungia wale wadudu wakalala, kati ya watu 100 walioambukizwa ni kama 5 mpaka 10 tu wanaokuja kuumwa maishani mwao. Mtoto chini ya miaka mitano mwili wake hauna ubavu huo, anaweza kuugua ndani ya miezi michache, ndo maana nesi aliwataka wawili wote hata kama wanacheza na hawakohoi. Watapimwa uzito, wataulizwa maswali, labda eksirei, na mtoto asiyeweza kutoa makohozi siku hizi wanaweza kupima hata kinyesi kwa mashine ileile. Wakikutwa hawana ugonjwa wanapewa dawa ya kukinga, miezi mitatu au sita kutegemea na dawa watakayochaguliwa.

Na hili angalia vizuri: haliondoki Neema akiondoka. Kama kuna hewa watoto wameshavuta, wameivuta ile miezi miwili na nusu ya kikohozi na tangawizi. Basi la Jumamosi haliwezi kuirudisha nyuma. Kwa hiyo swali la Neema kukaa au kwenda na swali la watoto kupimwa mimi naona ni maswali mawili tofauti, na la pili mnaweza kulijibu kesho asubuhi hata kama la kwanza mnaendelea kubishana.

Usijilaumu kwa ule mwanzo. Ulimpeleka zahanati, darubini ikasema hamna. Darubini inakosa wagonjwa wengi tu, wadudu wakiwa wachache kwenye makohozi haiwaoni, ndo maana kule Morogoro pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, wamefikia kufundisha panya buku kunusa sampuli ambazo darubini imeshasema ziko safi, na panya wanakuta wagonjwa waliokuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani. Ile mashine ya pili, GeneXpert, inaona zaidi na inasema pia kama wadudu ni sugu kwa rifampisini. Ukienda waulize hilo jibu la usugu lilikuwaje, ni swali muhimu sana na wanalo kwenye karatasi.

Sasa mwanangu nivumilie hapa, maana nagusa mahali penye heshima.

Nesi alikuuliza mko wangapi ukasema wanne. Wewe, baba, na watoto wawili. Mzee hukumhesabu. Na kwenye barua yako nzima unaogopa Neema asimwambukize mzee, hujawahi hata mara moja kuliangalia kutoka upande wa pili. Mzee amekuja huu mwezi wa tano. Anakohoa usiku. Neema kaanza kukohoa miezi miwili na nusu iliyopita, yeye ndo yuko naye nyumbani kutwa nzima. Na huyu mzee amechimba Mererani, vumbi la mwamba lile likiingia kwenye mapafu miaka na miaka linayachanachana, na mapafu ya mchimbaji TB inayapata kirahisi kuliko ya mtu mwingine. Linaweza pia likamkohoza lenyewe tu bila TB, na inaweza ikawa kweli pumu. Mimi sisemi ana TB, sijamuona, na hata akikutwa nayo hatutajua nani alianza, pengine hatutajua kamwe na haina faida kujua. Nasema tu kikohozi cha miezi kinatakiwa kipimwe, kipimo cha mwaka juzi kilijibu cha mwaka juzi, na yule mtoto wa miezi tisa mchana analala kifuani kwake.

Unaona inavyobadilika. Ikitokea mzee anayo, mtakuwa mmempakia Neema kwenye basi na kikohozi kimebaki sebuleni.

Naomba lakini usimfanye mzee mshitakiwa wa pili. Ni yeye peke yake aliyebeba kigoda akaenda kukaa na binti aliyefungiwa, wala hajui kwa nini kafungiwa. Nadhani mzee wa hivyo akiambiwa ukweli anaweza kubeba kuliko mnavyomdhania, ila mwenye kumwambia ni mwanawe, wewe mkwe usiingie hapo. Mumeo akitafuta pa kuanzia aanze na Mandela, wazee wa rika lile wanamheshimu. Aliugua TB mwaka 1988 akiwa kifungoni, akatibiwa, akatoka, akawa rais, akaishi mpaka miaka 95, na alikuja kulisema mwenyewe hadharani. Mzee akitoa makohozi kwenye kikopo asubuhi anapoamka kazi imekwisha, haiumi.

Turudi Jumamosi. Nakupa ninavyoziona njia, uzipime na mwenzako.

Akienda Singida. Atakuwa na mama yake, na mgonjwa kulelewa na mamaye si kitu kidogo. Ila akienda keshokutwa hajafikisha hata wiki mbili za dawa, bado anaweza kuambukiza, na ni safari ya zaidi ya kilomita 600 kwenye basi lililofungwa vioo kwa ajili ya kiyoyozi, na watu kibao na watoto wao. Akifika kliniki ni mbali, mkojo mwekundu, kijiji kinasema. Hapo ndo wengi wanaacha dawa. Dozi ni miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata mbili, na akiacha katikati wadudu wanaweza kurudi wakiwa sugu, na TB sugu ni habari nyingine, dawa nyingine, madhara mengine. Kama ataenda basi asiende kimyakimya, kliniki yake hapo ndo imwandikie uhamisho na wajue anapokelewa kituo gani.

Akibaki. Baada ya kama wiki mbili za kumeza vizuri, kama wadudu si sugu, uwezo wake wa kuambukiza unakuwa umeshuka sana, yaani siku ngumu zaidi mmeshazivuka nyingi. Lakini utakuwa na mfanyakazi asiyeweza kubeba ndoo wala mtoto kwa muda, duka linakusubiri, na mume mwenye hasira, na hilo la mwisho silidharau. Na atahitaji mtu wa kumuona anameza kila siku. Utaratibu huo wa kumsimamia mgonjwa ulikomazwa hapahapa Tanzania, mpango wetu wa taifa ulipoanza 1977 na yule daktari Karel Styblo, dunia nzima ikaja kuiga, mimi huwa najivunia sana hili. Msimamizi anaweza akawa wewe, anaweza akawa mhudumu wa afya wa mtaani.

Kuna na katikati. Abaki amalize ile miwili ya mwanzo, apimwe tena makohozi, ndo aende kwao akiwa amenenepa na hakohoi, hata kijiji kitakosa cha kusema. Au kama ana ndugu hapa Dar anayeweza kumpokea kwa hiyo miezi. Kila moja ina gharama yake, na mshahara wake mtaufanyaje nalo mlizungumze wazi, laki mbili za nauli na kwaheri naona ni ndogo kwa miaka miwili aliyolea, hayo ni yangu.

Ila kuna mtu hujamuuliza. Nimejua mumeo anataka nini, mama yake anaogopa nini, wewe unalia wapi. Neema mwenyewe anataka nini sijasoma popote. Ana miaka 20. Mkae barazani, umueleze njia zote hizi, umsikilize.

Kwa mumeo, lile la UKIMWI. TB na UKIMWI ni vitu viwili. Mwenye VVU anapata TB kirahisi, hiyo ni kweli, lakini wengi wanaougua TB hawana VVU kabisa. Kliniki wanampima kila mgonjwa wa TB na majibu ni ya Neema, msimuulize, na wala msiwaambie majirani habari zake. Usibishane naye mumeo usiku mkiwa mmechoka. Swali lake la nampenda nani zaidi linatoka kwenye hofu, huyo ni baba anayeogopa kuzika mtoto. Mwombe kitu kimoja kidogo tu, aje na wewe kliniki kesho, amuulize nesi maswali yake yote yeye mwenyewe, nesi akimwambia mambo ya hewa na dirisha atamsikia kuliko mimi na kuliko wewe. Labda akirudi bado atataka Neema aende, labda hapana. Angalau mtakuwa mnajadili kitu kimoja.

Na nyinyi wawili mkifika mpimwe pia, waeleze kama kuna anayekohoa, anayelowa jasho usiku au aliyepungua. Mtoto endelea kumnyonyesha. Nendeni mapema kabla foleni haijajaa, na usisahau kadi za kliniki za watoto, wataangalia uzito wa miezi iliyopita.